E Sita za Eunice

Ukimuuliza mtu yeyote pale sokoni Nyasho kwamba Dorkas ni nani, atakwambia ni yule mama wa sato wa kukaanga, mwenye sauti ya ugomvi hata anapokusalimia. Kweli, sauti anayo. Lakini ikifika saa tisa alasiri, samaki wawe wameisha ama la, Dorkas hufunika karai lake, hunawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, na kwenda kwenye kibaraza cha kanisa. Hapo watoto wa darasa la saba wanamsubiri mkekani na madaftari yao. Anawafundisha hesabu, Kiingereza na sayansi, bure kabisa. Jumapili anawafundisha haohao dini.

Mwaka wa kumi na tisa huo. Yeye mwenyewe aliishia kidato cha nne, ualimu ukampita hivihivi. Wenzake sokoni walimsema mpaka wakachoka. "We Dorkas, unapata nini kwa watoto wa watu?" Naye hujibu, "Yesu hakunitozaga kitu mimi. Nitawatozaje wao?" Basi, mjadala umeisha, nunua samaki au pisha wengine. Kuna muuguzi Bunda aliyepitia mkeka ule, kuna fundi umeme, kuna mwalimu wa sekondari ambaye siku hizi akikutana na Dorkas njiani anajifanya anaangalia simu. Mimi ningemsimamisha nimuulize. Dorkas hajali, anafurahi tu kwamba amekuwa mtu.

Ndipo akaja Eunice, binti wa Mniko. Mniko ni mlinzi wa ghala hapa Musoma mjini, ila moyo wake haujawahi kutoka Butiama, kwenye zizi la ng'ombe wa nyumbani kwao. Binti yake alikuwa na kichwa, jamani! Dorkas alikuwa hajamaliza kuandika swali, Eunice ana jibu. Mwaka ule Dorkas aliomba jambo moja tu kwa Mungu, kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko: Eunice aende sekondari.

Mwezi wa tisa wakafanya mtihani wa taifa. Jioni yake Eunice alipita sokoni na sare yake, Dorkas akamketisha kwenye ndoo na kumuuliza swali moja baada ya jingine. Yote aliyajibu sawasawa, bila kusita. Dorkas alifurahi mpaka akawafungia wateja wawili samaki wa bure.

Matokeo yalipotoka, walifungua kwenye simu ya Mwanaamina, muuza vitenge, jirani wa Dorkas pale sokoni. Namba ya Eunice ilikuwa na masomo sita, na kila somo lina E.

"Mtandao huo umekosea," Dorkas alisema. "Fungua tena."

Mwanaamina akafungua tena, na tena. "Ni E, shoga yangu. Wallahi ni E tupu."

Dorkas alikaa chini. Mtihani wenyewe, maswali mengi ni ya kusiliba: unachagua herufi ya jibu, unaijaza kwa penseli. Yule mvivu wa mkekani, aliyekuwa analala mpaka anakoroma, alipata C mbili. Halafu Eunice apate E sita? Hapo akakumbuka neno ambalo huku kwetu kina baba wengine huwaambia mabinti zao: jifelishe. Binti akifaulu asiripoti shule, viongozi wanakuja kugonga mlango. Akifeli, nani atamuuliza? Anaolewa, ng'ombe wa mahari wanaingia zizini. Na Werema, kaka yake Eunice, alikuwa tayari ana mchumba na hana ng'ombe. Tena majirani walishasema Eunice anapelekwa Butiama.

Akaenda mbio kwa afisa ustawi wa jamii. Yule mama hakuzembea, alifika nyumbani kwa Mniko siku hiyohiyo, akamtoa Mniko nje, akabaki na mtoto na Dorkas tu. Akamuuliza Eunice taratibu kama kuna mtu alimwambia afeli.

"Hapana, mama," Eunice alisema. "Nilishindwa tu."

"Na Butiama unaenda kufanya nini?"

"Kumsaidia bibi."

Afisa alimgeukia Dorkas. "Mtoto hajasema kitu, dada yangu. Na kwenda kwa bibi si kosa. Nitamfuatilia, lakini leo sina pa kuanzia."

Dorkas alimfuata Eunice bombani. "Niambie mimi, mwanangu."

Eunice akageuka huku na huku, kisha akasema, "Baba alisema nisilibe yasiyo yenyewe. Na nisimwambie mtu."

"Na wewe ukakubali! Kwa nini hukuniambia?"

Eunice alimtazama kwa mshangao, mshangao wa kweli. "Mwalimu, si wewe ndiye ulitufundishaga? Kwamba Mungu anataka tuwaheshimu baba na mama. Uliniuliza mbele ya kanisa, nikajibu vizuri, ukaninunulia soda."

"Sikuwa na maana hiyo."

"Ulikuwa na maana gani?"

  Machozi yalimtoka Dorkas palepale, mbele ya watu na ndoo zao.

"Usilie, mwalimu," Eunice alisema, akamshika mkono. "Niliyajua yote. Ilikuwa kazi kweli kuyakwepa."

Jumanne akapelekwa Butiama. Dorkas alipiga simu kwa afisa kumweleza aliyoyasikia bombani, akapiga kwa mchungaji, akapiga kwa muuguzi wake wa Bunda. Wote walimsikitikia sana, hakuna aliyeenda kumrudisha mtoto.

Jumapili iliyofuata, watoto wakiwa wameshakaa mkekani, Mniko alikuja kanisani. Alikuwa amevaa koti, na amemshika mkono Judith, mdogo wake Eunice, wa miaka tisa.

"Mwalimu, nimekuja kukushukuru," alisema, na kwa kweli alikuwa anashukuru kwa moyo. "Mabinti wa siku hizi wanabishana na baba zao. Yule wangu hajawahi kunijibu neno. Nikajiuliza, heshima hii ameitoa wapi? Kumbe ni kwako. Sasa na huyu naomba umlee hivyohivyo."

Dorkas alitaka kupiga kelele, kwa ile sauti yake inayosikika soko zima. Akawatazama watoto waliokuwa wanamsikiliza, akajizuia. Mniko alimwamkia mzee wa kanisa, akaondoka zake.

Judith alibaki amesimama, anaangalia pa kukaa. Dorkas akasogeza miguu, akampisha mkekani.