Muuguzi wa Dripu Mbili na Homa Iliyofichwa

Saa mbili na robo asubuhi. Muuguzi anatundika mifuko miwili ya dawa kwenye stendi moja, anamwomba mgonjwa ataje jina lake, analilinganisha na lililoandikwa. Ndipo anaishika sindano. Wagonjwa humwita Sista Taratibu. Wanasema sindano yake huingia kama mgeni mwenye adabu.

Viti sita vya chumba hiki vimekaliwa na wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyokwisha kutambaa hadi kwenye mifupa. Tiba za awali zimegonga mwamba. Utafiti huu unawapa dawa mbili kali kwa pamoja, kuona kama zitaweza kile ambacho moja peke yake imeshindwa.

Walianza thelathini na mmoja. Wanaokuja sasa ni kumi na wanne.

"Wengine dawa iliwakataa, wengine waliikataa wao," anasema. "Na wengine tumewazika."

Asiyemtoka moyoni ni seremala wa miaka sitini na saba, aliyeletwa na mkewe akijikongoja na mkongojo. Baada ya dozi ya pili mgongo ulitulia, mkongojo akauacha nyumbani. Akaahidi kuwatengenezea wenzake viti vya maana, kwani hivi vya hospitali, alisema, vimetengenezwa na mtu asiye na makalio. Chumba kizima kilicheka.

Siku ya dozi ya nne alifika kimya. Kipimajoto kilionyesha sawa, majibu ya damu yalikuwa sawa, daktari akaidhinisha. Sista alipomshika mkono aliukuta una jasho, akamuuliza anajisikiaje. Fundi akajibu kwamba hajambo.

Siku ya sita baada ya dozi hiyo alirudishwa akiwa hajitambui. Kinga ya mwili ilikuwa imeporomoka, maambukizi yameenea kwenye damu. Kesho yake akafariki.

Ni mkewe aliyeeleza baadaye, kwenye benchi la nje ya wodi. Mumewe alikuwa na homa siku mbili kabla ya dozi ile, na asubuhi ya dozi yenyewe akameza vidonge vya kuishusha. Alihofia wakiiona watamtoa kwenye utafiti.

"Asingetolewa," anasema muuguzi. "Tungemsogezea dozi wiki moja tu. Imeandikwa ukurasa wa tisa wa fomu aliyotia saini. Nani alimsomea ukurasa wa tisa? Kalamu nilimpa mimi."

Wakubwa wake walimwambia hakukosea, na kwenye makaratasi ni kweli. Lakini kwa wiki nzima alikuwa akifika nyumbani na kuketi jikoni na sare yake, mpaka binti yake amkumbushe kuvua viatu. Miaka kumi na sita ya kazi, anasema, haijamfanya sugu.

Sasa ameandika karatasi ya ukurasa mmoja, kwa maneno ya kawaida: ukiwa na homa, sema, nafasi yako haipotei. Ina wiki saba ikisubiri kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Kwa sasa humwambia kila mgonjwa kwa mdomo kabla ya sindano. Matokeo ya utafiti wenyewe bado hayajulikani, naye hathubutu kuyabashiri.

Mwezi uliopita alimpelekea mjane wa seremala nakala. Mama huyo akaisoma mara mbili, akaikunja.

"Ni nzuri, mwanangu," akamwambia. "Lakini yeye angeficha tu. Ongeza hapo chini: mke aulizwe."

Sista ameongeza. Kamati imemjulisha kwamba kwa badiliko hilo karatasi itaanza foleni upya. Ataipeleka Jumatatu.