Picha ya Mkono wa Taya

Taya alikuwa na miaka minane alipotakiwa kuchagua. Mpaka wakati huo, kila siku ya baridi pale Perm, mji wa Urusi, alikuwa akitoka kitandani kungali giza, akapanda tramu na mama yake hadi kwenye ukumbi wa barafu, akateleza mpaka saa mbili asubuhi, kisha shule. Jioni alikwenda ukumbi wa jimnastiki, akaning'inia kwenye vyuma mpaka viganja vikachubuka. Alikuwa hodari kote kuwili, na hilo ndilo lililomponza. Mkuu wa michezo wa mji hakutaka kusikia habari za mtoto mwenye makocha wawili.

"Daftari moja, jina moja," alisema. "Mpaka Ijumaa niwe nimejua."

Kocha wa barafu, Inessa Lvovna, alikuwa mwanamke mkavu asiyesifu mtu. Wa jimnastiki, Arkady Semyonovich, alikuwa mcheshi, daima na peremende mfukoni alizozila mwenyewe mbele ya wasichana wenye njaa, akicheka. Huyo ndiye aliyempeleka Taya kwa daktari rafiki yake, mkono ukapigwa picha ya eksirei. Daktari aliisogeza picha dirishani, akasema mifupa haidanganyi: msichana huyu hatazidi mita moja na nusu.

"Umeona, Rimma Pavlovna?" Arkady alimwambia mama. "Mwili wa kuagiza!"

Inessa Lvovna alipopata habari, alimwita mama kando ya barafu.

"Umemwangalia miguu lakini? Ana miaka minane anavaa kiatu cha msichana wa kumi na mbili. Na baba yake, yule aliyewakimbia, si alikuwa anainama kupita mlangoni? Huyu atarefuka. Niachie mimi. Nitamtafutia mwenzake wa kiume wacheze dansi ya barafuni, huko urefu si kosa."

"Daktari kaona mfupa."

"Daktari kaona kiganja. Mtoto namwona mimi, kila siku."

Ndani ya tramu mama alikuwa amekunja uso. "Wivu tu umemjaa," alisema.

Taya alipenda barafu. Alipenda kurudi kinyumenyume macho yamefumbwa, asisikie kitu ila chuma kikikwaruza. Lakini alimwona mama akipuliza vidole, mama ambaye husimama saa mbili nzima kwenye baridi ile kabla ya kwenda kukata ngozi kwenye kiwanda cha glavu.

"Mama, wewe unataka wapi?"

"Uamuzi ni wako, mwanangu." Kisha, baada ya vituo viwili: "Kule kwenye jimnastiki angalau kuna joto."

"Basi jimnastiki," Taya akasema, na mama akambusu kwenye paji la uso.

Miaka minne mambo yalimnyookea. Alishinda mkoani, akatajwa kwenye gazeti la mji. Halafu, alipofikisha kumi na mbili, mwili ukaamua lake. Kwa mwaka mmoja aliongezeka sentimita kumi na moja.

"Haya, mnara wetu umefika!" Arkady alimpokea kila jioni. "Huko juu hali ya hewa vipi?"

Wenzake walicheka kwa sababu ilibidi wacheke. Aliambiwa aache mkate, kisha supu, kisha maji baada ya saa kumi jioni. Mgongo ulipoanza kumuuma, kocha alimwambia ana mgongo wa bibi kizee. Taya akarudi kwenye vyuma. Nyumbani hakusema lolote juu ya maumivu, maana mama alikuwa akiwahadithia wenzake kiwandani jinsi binti yake atakavyochukuliwa kwenye timu ya Moscow.

Vyuma vilikuwa viwili, kimoja juu, kimoja chini, na nafasi kati yake iliwekwa kwa wasichana wafupi. Siku moja ya Machi Taya alijibembea kutoka chuma cha juu, miguu ikagonga cha chini, akaangukia mgongo pale godoro lilipoishia. Alisikia mlio mdogo, kama wa kijiti kikivunjika. Arkady alimwinamia, na kabla ya kuuliza anaumwa wapi, aliwaambia wengine watoke.

Pingili mbili za mgongo zilivunjika. Alikaa miezi saba ndani ya gamba la plasta. Kocha alikuja hospitali mara moja tu, akazungumza na mama kwenye korido, hakurudi tena.

Alipofika miaka kumi na minane hakuweza kukaa kwenye kiti zaidi ya nusu saa. Alikwenda kwenye jopo la madaktari aandikishwe kama mtu aliyeumia mazoezini, apate malipo ya ulemavu. Karani akafungua jalada.

"Mazoezini wapi? Hapa imeandikwa umeanguka ngazi za nyumbani kwenu. Sahihi ya mama hii."

Alimkuta mama jikoni, anakatakata kabichi ya kutia chumvi.

"Uliandika nimeanguka ngazini?"

Kisu kikasimama. "Arkady aliniambia nikisaini atakutafutia nafasi kwenye nyumba ya matibabu, kusini, baharini. Alisema bila hivyo utabaki kitandani maisha."

"Nilikwenda kusini, mimi?"

"Hukwenda."

"Na ulinyamaza miaka mitano."

"Ningekwambiaje, Taya? Ningeanzia wapi?"

Kesho yake Rimma alivaa koti lake zuri, akaenda mwenyewe kwenye jopo na kukiri kwamba alidanganya. Wakamsikiliza, wakamwambia muda umepita. Bila shahidi aliyeona hawangebadilisha kitu. Taya alimtafuta Ksenia, aliyekuwa ukumbini siku ile. Ksenia alizungumza naye mlango ukiwa nusu wazi, akasema hakumbuki. Alikuwa bado yuko kwenye timu ya Arkady.

Taya aliajiriwa kiwanda kile kile cha glavu, meza ya kukagua, kwa kuwa kazi ya hapo ilikuwa ya kusimama. Alifanya kazi hatua kumi kutoka kwa mama yake, wakarudi na tramu moja, wakalala chumba kimoja, na mwaka mzima na miezi kadhaa hakumsemesha. Mama alimwekea chakula, akala. Mama alimfunga mkanda wa mgongo asubuhi, maana peke yake hakuufikia, naye aligeuka ukutani akasubiri amalize.

Asubuhi moja vidole vya mama, vilivyopinda kwa mkasi, vikashindwa kubana kifungo cha mwisho. Alijaribu mara tatu. Taya akasikia pumzi ya mama ikibadilika nyuma yake.

"Acha hicho," alisema. "Vya juu vinatosha. Tutachelewa."

Wakavaa makoti, wakatoka.