Chupa Tatu Nilizozisugua

Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini macho ninayo, na haya niliyaona mchana, jua likiwaka. Asiyeamini apande huku kwetu milimani, Kimulot, anione nilivyo sasa.

Miaka ile ya tisini nilikuwa napikia wafanyakazi chai kwenye kiwanda cha majani ya chai. Mafuta ya mashine yalikuwa yanaingia mtaroni, yanateremka mtoni. Jirani yangu Tabutany, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, alikuwa anateka huko chini. Alilalamika mpaka akaletwa mtu wa kupima maji.

Mtu huyo alijaza chupa tatu za kioo, akatukataza kuzigusa. Alisema mafuta yanashika kwenye kioo, ukihamisha maji kipimo kinadanganya. Nilicheka. Mimi wa kufundishwa hayo? Nimeosha vibuyu vya maziwa tangu utotoni, na mursik yangu, maziwa ya kugandisha kibuyuni, ilikuwa inaitishwa kila harusi.

Mpimaji alipoenda kula, msimamizi wa kiwanda alinitazama tu. Nilijua anachotaka. Nikamwaga yale maji, nikasugua chupa kwa majivu na maji moto, nikajaza maji ya chemchemi ya kiwandani.

Kipimo kikasema mto ni safi. Tabutany akaitwa mwongo sokoni, na mimi nikamcheka kuliko wote. Ng'ombe wake akafa. Yeye aliendelea kunywa yale maji, angeteka wapi kwingine? Akafa kabla mahindi hayajakomaa.

Wiki moja baada ya kumzika, nilikuwa nje ya jikoni nasugua kibuyu. Nikaona miguu. Unafikiri nilikimbia? Nilishika kibuyu changu, nikainua macho. Ni Tabutany, na lile gauni tulilomzika nalo, linadondosha maji yenye rangi za upinde wa mvua.

"Mama Chebet," akasema taratibu, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi, "wewe ndiwe fundi wa kuosha. Nioshe na mimi."

Nilimwosha, niamini. Nilimsugua mpaka jua likashuka, na mafuta hayakuisha. Alikuwa ananicheka vile nilivyomcheka sokoni. Nilipoinua kichwa, hayuko.

Tangu siku hiyo, maziwa nikiyashika yanaelea mafuta, yananuka dizeli. Binti yangu Chebet alipoolewa, mursik ya harusi ililetwa kutoka mbali, Ndanai. Sasa wajukuu wananiambia mimi nyanya yao, "Kogo, kaa tu hapo, usiguse kitu."

Wewe ukiambiwa chupa isioshwe, usiioshe. Mikono hii nimeisugua mpaka ngozi ikatoka. Njoo uinuse.