Nilimuachia Mume Wangu Anishinde, Akanijua

Dada mmoja wa Unguja ametutumia haya kwa sharti kwamba asijulikane. Maneno ni yake mwenyewe, jina tumelihifadhi. Msomeni mpaka mwisho kabla hamjamhukumu.

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nnaishi Mpendae na mume wangu. Huu mwaka wa tatu tangu tuoane, mtoto bado hatujajaaliwa. Yeye anafanya kazi shamba la serikali Kizimbani, upande wa miche. Ni mtu mwema, hajawahi kuninyanyulia mkono, kwa hiyo nnaomba msimtukane. Linalonikosesha raha ni gemu. Najua mtacheka. Yangekuwa ya mwengine, hata mimi ningecheka.

Kaka yake aliyeko Muscat alimletea mashine ya gemu, na ndani yake mchezo wa kupigana: watu wawili wanarushiana ngumi na mateke mpaka mmoja aanguke. Mume wangu akanifundisha ili apate wa kucheza naye siku ambazo rafiki zake hawaji. Mchezoni akinipiga kila siku. "Ushakufa tena!" anasema, anacheka, na mimi nacheka. Siku moja nimeingia ukumbini na sinia la juisi, nikamsikia anawaambia wenzake, "Huyu ndiye nnayemfanyia mazoezi. Hajui kupiga hata ngumi moja ya maana." Wakacheka wote. Nikaweka juisi, nikarudi jikoni, mwili wote unanichoma.

Asubuhi yake alipoondoka tu, nikawasha mashine.

Nikawa nafanya hivyo kila siku. Nafagia, nafua, nateka maji, saa tatu nshakaa chini mbele ya televisheni mpaka adhuhuri. Ndani ya gemu mna sehemu ya mazoezi, adui anasimama tu upige unavyotaka. Wiki mbili nzima nimejifunza pigo moja: ngumi mbili, teke la chini, halafu unamkamata unamrusha. Kidole gumba kikatoka lengelenge, nikakifunga plasta nikaendelea. Umeme ukikatika nabaki na pedi ya kuchezea mkononi, nabonyeza hivyo hivyo, televisheni imezima. Wali uliniungulia mara ngapi, sikumbuki. Halafu nikaanza kumchungua yeye akicheza. Nikagundua kila akiruka, akitua lazima arushe teke la juu. Ukiinama likakupita, anabaki wazi. Miezi minne nilijizoeza kulikwepa lile teke, yeye hajui.

Siku niliyomshinda ilikuwa alasiri, tumemaliza chai. Mara ya kwanza akacheka. Mara ya pili akataka tubadilishane pedi. Mara ya tano uso ukamkunjamana. Nilimpiga mara nane mfululizo, na wallahi nilikuwa siwezi kujizuia.

Akaniuliza, "Asubuhi huwa unafanya nini humu ndani?"

Nikamwambia kweli. Akatikisa kichwa, akatoka. Siku tatu ikawa salamu na chakula tu.

Basi nikaona bora amani. Tulipocheza tena nikaanza kumuachia. Si kila mara, nashinda moja, naacha mbili. Akachangamka, na mimi nikajiona mwerevu. Wiki ya pili, katikati ya mchezo, akaweka pedi chini.

"Hili teke jana umelikwepa. Leo limekuingia usoni. Unaniachia?"

"Sikuachii."

"Apa."

Nikaapa. Ndugu zangu, nilimtaja Mungu kwa uongo kwa sababu ya gemu.

Alinitazama sana. Akasema, "Kunishinda ungenishinda, ningezoea. Lakini umenifanya mtoto." Akachomoa waya, akaichukua mashine mpaka kwa mama yake, Mji Mkongwe.

Huu mwezi wa pili, tunaishi pamoja lakini ameninunia. Situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui naelekea wapi, vidole vinacheza wenyewe kwenye mkono wa kiti. Juzi nilikwenda kumsalimia mama mkwe. "Shikamoo mama." "Marahaba." Hakunikaribisha kukaa. Akaniambia, "Mwanangu kasema umemdanganya, hasemi umemdanganya nini. Nambie mimi. Kuna mwanamme?"

Nikamueleza yote, nalia, kuhusu gemu na kile kiapo. Hakuamini. "Watu wazima hawanuniani miezi miwili kwa kidude hicho," akasema. "Na mumeo mwenyewe kila akitoka kazini hukaa hapo nacho mpaka magharibi. Sema kweli."

Kumbe naye anafanya mazoezi!

Jana karudi na mashine mkononi. "Mama anadhani una mwanamme," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaona anataka kucheka. Hakucheka. Akasema, "Ijumaa baada ya sala tutacheza mara kumi. Cheza kama unavyocheza ukiwa peke yako. Ukiniachia tena nitajua, na hapo sitokuamini hata ukinambia chai ina sukari."

Ndugu zangu, nikimshinda mara zote kumi, naogopa ule uso wa siku ya mara nane. Nikimuachia, ndoa yangu imeingia doa. Lakini lililonifanya niandike ni jingine. Yeye kafanya mazoezi miezi miwili, mimi sijagusa pedi. Huenda akanishinda kihalali kabisa, nikiwa nimejitahidi kwa nguvu zangu zote. Nikimwambia "umenishinda kweli," ataniamini vipi, na ulimi huu huu ndio uliomuapia uongo?

Ijumaa ni keshokutwa. Nishaurini, hasa mlio kwenye ndoa: nimwambie nini kabla hatujaanza kucheza?