Maganda ya Mayai na Maji ya Bluu

Mama Rangi anatia vitambaa rangi uani, mwaka wa kumi na moja huu, na vidole vyake ni vya bluu mpaka kwenye kucha. Shida ni maji ya kusuuzia. Yanaishia mtaroni, na wiki moja bata weupe wa mwenye nyumba waliogelea humo wakarudi bluu. Yaani bluu kabisa! Mwenye nyumba hakucheka.

"Jumamosi nakuja kuangalia maji yako. Nikikuta rangi, utafute ua mwingine."

Ua mwingine wenye bomba na jua la kutosha? Utaupata wapi, we acha tu.

Basi Mama Rangi akaingia kwenye simu, akakuta video ya mtu anasafisha maji kwa maganda ya mayai. Eti ganda lina vitundu vidogo sana, rangi inanasa humo. Na maganda yamejaa kwa wifi yake, muoka keki wa mtaa wa pili! Akayasuuza ndoo nzima, akayasukumia kwenye tanuri la wifi yakauke.

Dakika kumi tu, jamani, harufu! Kama nywele zinaungua.

"Kaka yangu umemchukua, nikanyamaza," wifi akafoka. "Sasa unataka na keki zangu?"

"Nisamehe wifi, sikujua!"

"Ngozi ya ndani hujaitoa. Nani anachoma ganda na ngozi yake?"

Wakakaa chini wote wawili, wakayaloweka, wakabandua ule utando kipande kwa kipande huku wakisengenya ukoo mzima. Wakayakausha tanurini, safari hii bila harufu, wakatwanga, wakachekecha.

Jumamosi Mama Rangi akamwaga ule unga wa maganda kwenye pipa la maji ya bluu, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi, akaacha utuame. Mwenye nyumba akaingia bila hodi. Akachotewa glasi ya maji ya juu, akaiinua juani.

"Naona kabluu kwa mbali."

"Nitarudia na unga mpya, mama."

"Rudia sasa hivi." Akageuza ndoo, akakalia.

Mama Rangi akamwaga unga mpya, akakoroga tena, wakangoja saa nzima utuame. Glasi ya pili ikatoka kama ya bombani.

"Haya, baki," mwenye nyumba akasema, kisha akachungulia pipani. "Na haya matope ya bluu huku chini utayatupa wapi?"

Mama Rangi akamgeukia. Hilo video haikusema.

"Usiniangalie mimi. Mtaroni hapana."