Kiatu cha Chuma cha Mzee wa Thamesmead

Sitaki kujisafisha. Miaka ile ya tisini nilikuwa nikihudumia wazee majumbani mwao Thamesmead, London, na mzee wangu wa asubuhi alinikera tangu siku ya kwanza. Mie mama wa watoto watatu, yeye ananiita "msichana". Chai yangu haina rangi, mkono wangu mzito, kila kitu kosa. Akichoka kunisema anaanza pikipiki zake.

Msimu wa kwanza wa ligi baada ya vita, alikuwa mwendeshaji wa spidwei, mbio za pikipiki. Pikipiki hazina breki, wanne wanazunguka uwanja wa majivu mara nne, watu wamejaa mpaka hapana pa kuweka mguu. Kwenye kona unaburuza mguu wa kushoto, ndiyo maana buti la mguu huo huvishwa kiatu cha chuma. Chake alikuwa nacho bado, kimelika upande mmoja, na alilala nacho. Kitandani, jamani! Juu ya shuka nilizofua mie.

Kwetu Pemba kiatu huishia mlangoni, awe nani aliyekivaa. Asubuhi moja alimwaga chai makusudi pale nilipokwisha kupiga deki. Nikakitwaa kile chuma, yeye ananitazama, nikakiweka nje kwenye veranda ya ghorofa pamoja na viatu vyangu. "Ushike adabu," nikamwambia kwa Kiswahili. Nilipotoka saa sita, viatu vyangu vipo, chuma hakipo. Waokota vyuma chakavu walikuwa wameshapita.

Ningesema siku ile ile, yangekwisha. Lakini ofisini kwetu ukipoteza kitu cha mzee, kazi huna. Nikanyamaza.

Ijumaa akaja binti yake na afisa wa kaunsili, halmashauri ya mji. Binti alikuwa akitaka siku nyingi kumhamishia kwenye nyumba ya wazee, na mzee hataki hata kulisikia. Afisa alikuja kupima kama akili yake bado inamtosha kuishi peke yake. Mzee alijibu vizuri: siku, mwezi, waziri mkuu, na utani juu. Kisha binti akauliza, "Kiatu chako kiko wapi, baba?"

"Msichana alikitoa nje, hakikurudi. Kimeibiwa."

Wote wakanigeukia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Thubutu! Yangu ilikuwa ndefu na imenyooka. Nikatikisa kichwa taratibu, kwa huruma, kama tulivyofundishwa kuwafanyia waliochanganyikiwa.

"Wiki nzima anakitafuta, maskini," nikasema. "Mie kiatu hicho sijapata kukiona."

Afisa akaandika. Nikangojea matusi, wallahi nilikuwa nayataka. Mzee akanitazama, akaupapasa mto wake.

"Labda nimekiweka mahali mwenyewe," akasema. "Nisamehe, nimekusingizia."

Nikamwambia si kitu. Jumatatu wakamchukua, na nguo zake nilimfungia mie.