Maganda Yaliyooshwa

Watu wa pale kiwandani walimwita Bwana Meli, na hakuna aliyemwita hivyo kwa heshima. Meli yenyewe alikuwa hajapata kuipanda, hata mtumbwi ulimtia kichefuchefu. Lakini kila alipofungua kinywa ilitoka meli: meli inakuja, meli inapakia, meli haimngojei mtu. Mke wake alikwisha kumwambia aioe hiyo meli, labda itampikia.

Kiwanda ni neno kubwa kwa mahali pale. Palikuwa na banda la mabati, mashine moja ya kukamua mawese, nyingine ya kupasua kokwa, na mapipa matatu ya kuchemshia chikichi, meusi kwa masizi. Mwenye mali alikuwa dada yake, mtoto wa kwanza kwao, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na wanawake sita walikamua pamoja naye. Miaka yote moto wa mapipa yale ulikula maganda ya kokwa. Ni maganda magumu, yakishika moto unaweza ukasahau kuchochea. Hakuna aliyewahi kununua kuni pale.

Ndipo Bwana Meli akaja na habari kwamba ng'ambo maganda hayohayo huchomwa kwenye mitambo ya umeme, na kwamba bandarini kuna yadi inayoyakusanya. Akawaomba wasiyachome tena, wamwekee. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Takataka gani hiyo ya kupanda meli? Dada yake hakucheka. Alisema huyu ni mdogo wangu, tumjaribu, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Basi wakaanza kununua kuni kwa pesa za faida yao wenyewe, miezi kadhaa, huku maganda yakipanda nyuma ya banda hadi kulingana na paa.

Mzigo wa kwanza ulikataliwa mchana kweupe. Mpimaji wa yadi, kijana mpole mwenye glavu, alitumbukiza mkono guniani akatoa nyuzi, udongo, kokoto na kisigino cha kandambili. Kile kisigino alikiweka mezani, na Bwana Meli akatamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akaelezwa taratibu. Mzigo uwe safi, na uwe mkavu, maana ukiwa na unyevu huchemka wenyewe ndani ya meli, na nahodha hataki moto ambao hakuuwasha. Meli ingepakia wiki iliyofuata. Akileta mzigo mbaya tena, asijisumbue kurudi.

Alirudi nyumbani na aibu yake. Mbele ya wanawake alihutubia juu ya uchafu mpaka sauti ikamkauka, akihesabu kokoto moja moja. Habari ya ukavu hakuigusa. Mzigo wa kwanza ulikuwa mkavu kabisa, na binadamu ndivyo alivyo, hulisimulia lile lililomwaibisha, mengine huyaacha njiani. Kesho yake akaenda mjini kutafuta lori.

Aliporudi na lori alikuta magunia yamepangwa mbele ya banda, midomo imeshonwa. Dada yake alitoka kumpokea, nguo kaifunga kiunoni, viganja vimekunjamana na kuwa vyeupe kwa maji. Walikuwa wameyaosha maganda yote. Walichota maji mtoni, wakaosha tenga kwa tenga, wakaokota kila kokoto, usiku na mchana, ili mzigo uwahi meli.

"Sasa waende wakatafute kisigino," dada yake alisema, akacheka.

Alicheka kwa kujiachia, kicheko ambacho Bwana Meli alikuwa hajakisikia tangu walipoanza kununua kuni. Wanawake nao wakacheka, na hata yule mmoja aliyekuwa hamwamini kabisa akaja kumpa mkono. Bwana Meli akaegemea gunia. Shati likamlowa mgongoni.

Alijua palepale. Neno lilikuwa moja tu: dada, yafungueni tuyaanike. Meli wangeikosa, ni kweli, lakini maganda yangekauka na kurudi chini ya mapipa, na pasingeharibika kitu. Sasa utamwambiaje mtu aliyechubuka vidole kwa ajili yako kwamba amekuharibia? Akajidanganya, kama wanavyojidanganya waoga wote, kwamba upepo wa barabarani utayakausha. Akawaambia hongereni kwa kazi. Akasaidia kupakia.

Upepo haukaushi gunia lililoshonwa, hilo hata mtoto analijua. Bandarini foleni ya malori ilizunguka ukuta wa yadi, mvua ikaja, mzigo ukafunikwa turubai, na ulipofunuliwa siku kadhaa baadaye mvuke ulipanda. Mpimaji alichana gunia la katikati, akamshika Bwana Meli mkono na kuutumbukiza ndani. Kulikuwa na joto kama la sufuria iliyotoka jikoni. Ukungu mweupe ulikuwa umeyagandamanisha maganda mabonge mabonge.

"Safi ni safi kweli, mzee wangu," kijana alisema kwa huruma. "Lakini yameoza."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lori lilipoingia kiwandani na magunia yaleyale, wanawake walitoka wakasimama mlangoni mwa banda. Siku hiyo kuni zilikuwa zimekwisha, na chikichi za kuchemsha zilikuwa zimerundikana, haziwezi kungoja. Dada yake alibeba karai la maganda yale, akayasukumia chini ya pipa na kuwasha. Yakafuka. Akapiga magoti akapuliza, machozi yakimtoka kwa moshi, na moto ukakataa.

"Ni maji?" aliuliza bila kugeuka.

"Ni maji, dada."

Akapuliza tena kidogo. "Yaani ni mimi."

"Si wewe. Niliambiwa yawe makavu, na mimi sikuwaambia."

Dada yake akasema polepole, "Siku ile ulipoegemea gunia, shati lako lililowa mgongoni. Nikadhani ni jasho."

Bwana Meli alitazama chini. "Nilijua, dada."

"Ulijua, ukaniacha nicheke."

Alijifuta mikono, akainuka, akawaendea wenzake waliosimama mlangoni mwa banda. Akawaambia kwamba kosa ni lake mwenyewe, yeye ndiye aliyewachosha kwa kuosha kitu ambacho hakikutakiwa kuguswa na maji, na kwamba anawaomba radhi. Yule mwanamke aliyekuwa hamwamini Bwana Meli akamshika bega na kumpa pole, akamwambia usijilaumu, mama, ulikuwa unamsaidia mdogo wako. Wote wakampa pole, mmoja mmoja. Bwana Meli alisikia kila neno kutoka pale alipokuwa, kando ya pipa lililofuka. Hatua chache tu zingemfikisha mlangoni aseme ukweli mbele yao. Alibaki amesimama kwenye moshi, na hakusema.